Katuni ya Disney kuhusu mtoto Hans

Kuna aliyeuliza ile katuni ya Disney ya 1943, Education for Death, kuhusu Hans, mtoto wa Kijerumani anayelelewa chini ya utawala wa Hitler, ilitoka wapi: ilitokana na kitabu chenye jina hilohilo cha Gregor Ziemer, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa shule ya Kimarekani jijini Berlin hadi 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Kitabu kilitoka 1941.

Ziemer hakuandika mambo ya kuambiwa. Alipata kibali, akaingia madarasani akatazama jinsi Wanazi, wafuasi wa Hitler, walivyowalea watoto, wavulana wakiandaliwa kufa vitani, wasichana wakiandaliwa kuwazalia askari. Ndiyo maana ushahidi wake wa kiapo uliwasilishwa hata kwenye kesi ya Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Wanazi baada ya vita.

Kwenye katuni, mwalimu anasimulia mbweha alivyomla sungura. Hans anamwonea sungura huruma, anaadhibiwa, mwishowe anasema sungura alistahili kwa kuwa ni mnyonge. Ni katuni ya propaganda ya wakati wa vita, sawa, lakini kwangu hapo ndipo penye uzito wote. Mtoto alikuwa na huruma yake tayari, na shule ikamnyang'anya. Itazame, ni kama dakika kumi tu, kisha utafute kitabu chenyewe.