Maswali Yenu: vyumba, moto na spinster kwenye nyumba za Waingereza wa zamani

*Ticha shikamoo. Nipo kidato cha tano, tunasoma riwaya za Kiingereza za zamani, sasa nyumba moja ina pantry, buttery, larder na scullery, na dikshenari yangu yote hayo inaniambia ni stoo au jiko. Walikuwa na majiko manne kweli? (Mwanafunzi, Iringa)*

Marahaba mwanangu. Jiko lilikuwa moja tu, hivyo vingine ni vyumba vilivyolizunguka na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Pantry ni chumba cha mkate, jina limetoka Kifaransa cha zamani na ndani yake kuna panis, yaani mkate kwa Kilatini. Buttery wengi wanadhani ni ya siagi, sio, ilikuwa ya mapipa ya bia na divai, na mtu wa chupa na mapipa ndo aliitwa butler, kwa hiyo kabla hajawa yule mzee wa suti anayefungua mlango kwenye muvi alikuwa mtunza vinywaji. Larder ilikuwa ya nyama, hasa nguruwe wa kutiwa chumvi, na walipenda kuijenga upande wa kaskazini usiopigwa jua ili ibaki baridi. Scullery ni pa kuoshea vyombo, kazi ya mtumishi wa chini kabisa.

Yote manne asili yake ni Kifaransa, maana Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066 na kwa muda mrefu baada ya hapo wenye majumba makubwa walikuwa wanaongea Kifaransa. Ila ukirudi nyuma ya hapo kwenye Kiingereza cha kale ndo mimi napapenda zaidi, mkate uliitwa hlaf, mwenye nyumba ni hlafweard yaani mlinzi wa mkate, mkewe hlæfdige, mkandaji wa mkate, na mtumishi anayelishwa pale ni hlafæta, mla mkate, yaani nyumba nzima watu wanaitwa kwa mkate, nani anaulinda, nani anaukanda, nani anaula. Yale mawili ya kwanza yamesagika midomoni mwa watu karne na karne mpaka yakawa lord na lady. Kwa hiyo ukikutana na lord kwenye riwaya yako kumbuka cheo kilianzia kwenye chakula, aliyekuwa nacho ndo wengine walimtii.

*Mwalimu, hii curfew tuliyowekewa Kenya mwaka 2020 wakati wa korona, kuna mtu kaniambia asili yake ni mambo ya jikoni. Ni kweli ama ni stori tu? (Msomaji, Mombasa)*

Ni kweli kaka. Ni Kifaransa, maana yake funika moto. Moto wa nyumba uliwaka sakafuni au kwenye meko, nyumba zenyewe mbao na mapaa ya nyasi, cheche moja mtaa mzima unaondoka, so usiku kengele inapigwa, unakusanya makaa nyuma ya meko unayafunika na jivu, wengine walikuwa na kifuniko kabisa cha udongo au cha shaba, na asubuhi unakuta bado yana uhai unapuliza tu. Amri ya kufunika moto ikawa pia amri ya kutozurura usiku, na hiyo ndo ikabaki.

*Ticha, kwenye cheti cha ndoa cha dada yangu wameandika Spinster. Kaenda kuangalia mtandaoni kakuta ni mwanamke aliyezeeka bila kuolewa, amekasirika mno na hata thelathini hajafika. Ni tusi hilo? (Mdogo mtu, Dodoma)*

Pole yake, na hasira yake naielewa. Spinster mwanzoni ni mwanamke anayesokota uzi, basi, jina la kazi kama fundi au mfinyanzi. Ile ster ya mwisho zamani ilikuwa ya wanawake wenye kazi zao, webster alifuma nguo, brewster alipika bia, na leo utayakuta kama majina ya ukoo.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Sufu inafungwa kwenye fimbo, fimbo unaibana kwapani au mkandani, vidole vinavuta nyuzinyuzi kidogo kidogo, chini kinaning'inia kijiti chenye kizito unakizungusha kinajisokota chenyewe, kikifika sakafuni unaviringisha uzi unaanza tena, na haya yote huku unachunga mifugo au unaangalia mtoto. Mfumaji mmoja alihitaji uzi wa wasokotaji kadhaa, kwa hiyo kazi ilikuwepo siku zote na mabinti wengi wasioolewa walijipatia riziki hapo. Kufika karne ya 17 sheria ikalichukua likawa maelezo rasmi ya mwanamke ambaye hajaolewa, dharau ikaja juu baadaye.

Mi hili linaniuma kusema kweli, maana sio peke yake. Hussy, ambalo leo ni tusi la mwanamke asiye na adabu, lilikuwa kifupi cha housewife tu, mama mwenye nyumba yake, wakati husband, neno la watu wa Skandinavia la mwenye nyumba, limekaa na heshima zake mpaka leo. Wanawake walifanya kazi ya nyumba ile ile halafu majina yao ndo yakachafuliwa.

England na Wales waliliondoa kwenye usajili wa ndoa Desemba 2005, wakaweka single kwa wote, mwanamke na mwanaume, na natamani fomu zetu nazo zifanye hivyo. Ila kwenye cheti cha dada yako limekaa kwa maana ya kisheria tu, kwamba siku anafunga ndoa hakuwa amewahi kuolewa, sio mjane wala mtalaka. Cheti ni halali, asihangaike kwenda kukibadilisha.