Gari linachemsha likisimama, likitembea linapoa: anzia wapi?

Gari la zamani likichemsha kwenye foleni kisha mshale wa joto ukashuka wenyewe likianza kukimbia, limeshakupa nusu ya jibu kabla hujafungua boneti. Kwenye mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa, upepo wa barabarani ndio unaopooza rejeta (kipoza maji ya injini), na feni haina kazi kubwa. Likisimama sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, upepo huo unakatika, mzigo wote unaiangukia feni. Kwa hiyo chunguza hewa kwanza, mzunguko wa maji ufuate, silinda hedi, kile kichwa cha injini, ije mwisho. Lakini mafundi wanagenzi wengi huanza kwa kung'oa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Tuimalize basi hiyo themostati. Ikikwama imefunga, gari huchemsha popote, na huchemsha haraka zaidi likipanda mlima, maana injini yenye mzigo hutoa joto jingi. Haisubiri foleni. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta zaidi. Isitoshe, kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta kabisa. Umetibu ugonjwa ambao haukuwepo, ukaongeza mwingine.

Kabla ya yote, hakikisha joto lipo kweli. Elekeza kipimajoto cha infraredi kwenye nyumba ya themostati injini ikiwa imepata moto. Injini nyingi za zamani hukaa kati ya nyuzi 82 na 95, na zikisimama zinaweza kugusa 100 feni inapokaribia kuwaka. Kama geji inaonyesha hatari lakini kipimajoto kinasema 90, tatizo ni sensa, geji au ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi). Washa taa kubwa: mshale ukiruka hapohapo, ni ethi. Maji hayawezi kupanda joto kwa sekunde moja.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Usiufungue ikiwa na moto hata kidogo. Maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke na kukuunguza uso. Maji yaonekane hadi shingoni. Usiridhike na tangi la akiba, kwa sababu linaweza kujaa huku rejeta ikiwa na pengo, hasa mpira wa mfuniko ukiwa umekauka na kupasuka. Mfuniko wenyewe si kizibo tu. Ulioandikwa 0.9 huongeza shinikizo la baa 0.9, na maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 119 badala ya 100. Springi yake ikilegea, gari linachemka kwenye joto ambalo lingevumilika.

Sasa washa injini, zima kiyoyozi, subiri. Mpira wa juu wa rejeta utapata moto themostati ikifunguka, na dakika chache baadaye feni ya umeme inatakiwa iwake yenyewe. Isipowaka na joto limepita 100, zima injini kabla hujaharibu hedi. Likishapoa kidogo, liwashe tena na uwashe kiyoyozi. Magari mengi yenye kiyoyozi huamrisha feni papo hapo. Kama inazunguka kwa kiyoyozi lakini haiitikii joto, mota ni nzima; tafuta kwenye swichi ya joto, sensa au waya wake. Ila kuna magari yenye feni mbili, moja ya rejeta na nyingine ya kondensa (kipozeo cha kiyoyozi kilicho mbele ya rejeta), kwa hiyo angalia ni ipi iliyozunguka.

Swichi ya joto ndiyo inayowachanganya wengi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, swichi hupitisha umeme ikiwa baridi na huukata ikifika karibu nyuzi 93. Ukichomoa plagi yake funguo ikiwa imewashwa, feni inaanza. Kwenye magari mengine mengi ni kinyume: swichi hupitisha umeme ikipata moto, kwa hiyo ukichomoa hakitokei kitu mpaka uunganishe nyaya mbili za plagi, au kama waya ni mmoja, uuguse kwenye bodi. Asiyejua tofauti hii huchomoa plagi, akaona kimya, akahukumu mota.

Mota ipime dairekti. Chomoa plagi ya feni, leta umeme wa betri kwa waya mnene, milimita mraba 2.5, wenye fyuzi ya ampea 25 katikati. Waya mwembamba wa redio utayeyuka mikononi mwako. Ikizunguka kwa nguvu, rudi kwenye fyuzi na relei, ile swichi inayowashwa kwa umeme. Relei ina namba chini yake: 30 hutoka betri, 87 huenda kwenye feni, 85 na 86 ni koili. Kusikia tiki si ushahidi kwamba ni nzima, maana platini za ndani (vigusano vya umeme) zikiungua relei hulia lakini haipitishi umeme. Badilishana na relei ya honi kama namba na mchoro vinafanana. Ni dakika moja, na huhitaji kununua chochote. Kama mota inaanza tu ukiigonga na kipini cha bisibisi, kaboni zake, vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimekwisha. Itakuacha njiani hata kama leo imezunguka.

Feni kuzunguka, hata hivyo, si sawa na feni kuvuta. Chukua karatasi moja ya daftari uiweke mbele ya kondensa, au mbele ya rejeta kama gari halina kiyoyozi, feni ikiwa inafanya kazi. Inatakiwa inase pale, ikae bila kushikwa. Ikidondoka, pima volti kwenye plagi ya feni ikiwa inazunguka. Betri ikionyesha 13.8 na plagi ikaonyesha 11.5, zaidi ya volti 2 zimepotelea kwenye nyaya, mara nyingi kwenye ethi yenye kutu au plagi iliyoungua na kuwa kahawia. Mota inazunguka kivivu, lakini kwa macho utaona feni inafanya kazi. Karatasi ikisukumwa mbele, mtu ameunga nyaya kinyume au amefunga mapanga nyuma mbele. Hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kwa feni iliyotoka gari jingine. Angalia pia kama kava la feni lipo. Likikosekana, feni inazungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti na kuacha pembe za rejeta bila upepo.

Kwa feni inayozungushwa na injini yenyewe, mtuhumiwa ni klachi yake yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa na moto, toa funguo, kisha zungusha panga kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka raundi tatu au nne kwa msukumo mmoja, klachi imekufa. Michirizi ya mafuta iliyoshika vumbi katikati yake inasema hivyo hivyo. Mkanda uliolegea nao huteleza, ukauona unang'aa kama umepakwa nta. Feni ya umeme usiiguse kwa mkono ikiwa plagi haijachomolewa. Inaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa.

Upepo upo lakini joto halishuki? Piga tochi katikati ya kondensa na rejeta. Gari lililozeeka huwa na zulia la vumbi, nywele na wadudu mahali ambapo jicho halifiki kutoka mbele. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, sio kinyume, la sivyo unashindilia uchafu. Mapezi, yale mabati membamba kati ya mirija ya rejeta, yakimong'onyoka ukiyagusa kwa kidole, rejeta hiyo imekwisha hata kama haivuji, kwa sababu mrija umebaki bila kitu cha kulitoa joto nje. Kwa uchafu wa ndani, tembeza kipimajoto juu ya uso wa rejeta: joto lipungue polepole kutoka maji yanapoingia hadi yanapotokea. Ukikuta viraka baridi katikati, mirija hapo imeziba.

Kipimo kinachodharauliwa ni hiki. Joto likianza kupanda sailensa, karibu mizunguko 750 kwa dakika, inua hadi 1,800 na ushikilie dakika mbili. Mshale ukishuka kwenye gari lenye feni ya umeme, usiilaumu feni, kwa kuwa kasi yake haitegemei mguu wako. Kilichobadilika ni pampu. Ama mapanga yake yameliwa na kutu, ama maji ni pungufu, ama kuna hewa imenaswa. Hita itakusaidia kuthibitisha: ikipuliza baridi sailensa na moto ukikanyaga, maji hayafiki juu. Jaza mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa kuanzia injini ikiwa baridi, inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, minyaminya mpira wa juu hadi mapovu yaishe. Kwenye gari la feni ya mkanda kipimo hiki hakitofautishi, kwa sababu feni na pampu huongeza kasi pamoja.

Gari lenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, lina mtego wake. Taimingi (wakati wa cheche kuwaka) iliyochelewa hufanya mafuta yaendelee kuungua wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka, na joto linaishia kwenye hedi. Angalia kwanza kampira kembamba kanakoingia kwenye kopo la vakyumu la distribyuta. Kakichomoka au kakipasuka, cheche inaweza kuchelewa, na kwenye baadhi ya magari hata sailensa.

Gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ishuku mpira wa juu unapokakamaa ndani ya dakika moja au mbili tangu uwashe injini baridi, au mapovu yanapotoka mfululizo shingoni mwa rejeta bila kukoma. Dawa ya kupima gesi ya mwako iliyoingia kwenye maji, ile ya buluu inayogeuka njano, itakata shauri bila kufungua boliti hata moja.

Ukishatengeneza, usikabidhi gari baada ya dakika tano. Liache sailensa nusu saa, boneti imefungwa. Dakika 20 za kwanza ziwe bila kiyoyozi, uhesabu feni: iwake, izime baada ya dakika moja hadi tatu, ipumzike, iwake tena. Kisha washa kiyoyozi uangalie kipimajoto kama kinatulia. Feni ikikataa kuzima kwenye zile 20 za mwanzo huku mshale umetulia, rejeta inashindwa kupooza kwa wakati, na siku ya jua kali gari hilo litarudi.