Mwana wa mjakazi alikuwa jikoni

Jumuiya yetu hukutana nyumba kwa nyumba, na Jumapili moja jioni zamu iliangukia kwangu, huku Kimara. Tulikuwa watu kama kumi na watano, tumebanana kwenye makochi na kwenye mkeka. Somo lilitoka kitabu cha Kutoka, sura ya 23, na aliyepewa kusoma ni bibi mmoja mjane ambaye hasomi haraka. Alipofika mstari wa 12 akausoma neno kwa neno: “Siku sita utafanya kazi yako, na katika siku ya saba utapumzika, ili kwamba ng’ombe wako na punda wako wapate kupumzika, kisha mwana wa mjakazi wako na mgeni wapate kuburudika.” Akavua miwani, akauliza bila kumtazama mtu, “Na huyu mwana wa mjakazi, siku hizi yuko wapi?”

Watu wakaanza kueleza habari za Israeli na Misri. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nasikia mafuta yakilia kikaangoni. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa jikoni anakaanga maandazi ya kuwakirimu watu waliokuwa sebuleni wakijadili mapumziko. Siku ile aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alitupigia pasi nguo za kanisani, akabaki kupika pilau ya wageni wa mchana, akaosha vyombo, akafagia sebule kwa ajili ya jumuiya, kisha akaanza kukanda unga. Kanisani hakwenda. Na mimi, kama ungeniuliza saa moja kabla ya hapo, ningekuambia nyumba yetu inaiheshimu Jumapili.

Niseme nilifikaje hapo. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi sikuwa na siku ya kupumzika hata moja, kwa sababu kazi yetu ina misimu inayokula watu: sare za shule mwezi wa kwanza, Pasaka, Krismasi, na katikati yake sare za kamati za harusi ambazo kila mtu anazitaka Ijumaa jioni. Usiku mmoja, saa nane, nilikata kitenge cha mteja upande usio wake. Kilikuwa kitenge cha mama wa bibi harusi, na dukani kilikuwa kimekwisha. Nikalia juu ya meza ya kukatia mpaka mume wangu akaja kuzima taa. Kesho yake alinisomea Zaburi ya 127, mahali pasemapo kuwa ni bure kuamka mapema na kukawia kulala, kwa maana “yeye humpa mpenzi wake usingizi”. Toka hapo nikaanza kufunga ofisi Jumapili. Baadhi ya wateja walihama, na wawili kati yao walikuwa wateja wakubwa. Sitakuficha hilo: ukiamua kupumzika utapoteza fedha, na kuna miezi utaiona hasara hiyo kwa macho kwenye daftari.

Kwa hiyo nilikuwa nimelipa gharama, na nilidhani nimemaliza. Kumbe nilipoiweka kazi yangu chini, kuna mtu aliinama akaiokota. Wageni waliongezeka Jumapili kwa sababu mwenyeji yupo nyumbani, na kadiri walivyoongezeka ndivyo yule binti alivyozidi kuchoka. Amri yenyewe ya kuishika sabato iko wazi kabisa kwa hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, Mungu anawataja watumishi mara mbili katika amri hiyo hiyo moja, kisha anawakumbusha Waisraeli kwamba nao walikuwa watumwa Misri. Yaani wewe uliyejua kufanya kazi bila siku ya kupumzika, usimfanyie mwenzako hivyo ndani ya malango yako. Na kwa anayetaka kusikia sauti ya serikali pia, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya hapa Tanzania inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki. Msaidizi wa nyumbani naye ni mfanyakazi.

Usiku ule, wageni walipoondoka, nilimwita tukakaa. Nikamwambia kuanzia wiki ijayo Jumapili ni yake, na mshahara haupungui hata shilingi. Aliniuliza, “Mama, kuna kosa nimefanya?” Swali hilo lilinichoma. Alidhani naanza kumwachisha kazi. Jumapili ya kwanza aliosha vyombo kabla sijaamka. Ya pili pia. Ikabidi mume wangu amwombe kwa upole aende zake, akae hata chumbani, alale. Ya tatu alilala mpaka saa nne asubuhi, akatoka uso umevimba kwa usingizi akasema hajawahi kufanya hivyo tangu aondoke kwao Njombe. Sasa yuko kwaya ya vijana. Tunaondoka naye pamoja asubuhi, na wakati mwingine harudi mpaka jioni, kwa sababu ana marafiki. Mwaka mzima aliokaa kwangu kabla ya hapo hakuwa na rafiki hata mmoja, na mimi sikuwa nimeliona hilo.

Ukiamua hivi nyumbani kwako, swali la kwanza litakuwa chakula. Hapo nilijifunza kwa mana, kile chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani. Kutoka 16 inasema siku ya sita watu waliokota pishi mbili kwa kila mtu, na Musa akawaambia waoke na kuchemsha siku hiyo hiyo, wabakize cha kesho. Basi Jumamosi kwetu ndiyo siku ya kazi kweli kweli. Maharage yanachemshwa Jumamosi mchana na kuungwa nazi kabisa. Chapati zinasukumwa jioni. Viazi vitamu au magimbi yanachemshwa, nyanya na vitunguu vya kachumbari vinaoshwa na kuwekwa tayari, chai inajazwa kwenye chupa kubwa mbili Jumapili alfajiri. Nguo zinapigwa pasi Ijumaa, maana Jumamosi umeme ukikatika utajuta. Watoto wanamaliza kazi za shule kabla ya giza. Tunafanya wote, na mume wangu ndiye anayesukuma chapati, amenizidi.

Halafu saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi tunaacha. Cherehani inafunikwa kitambaa. Simu yangu inaingia kabatini, na kamati za harusi zinajua. Wazee wetu wa Pwani walihesabu siku kuanzia magharibi. Ukisema usiku wa Ijumaa walikuelewa kuwa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Na Mwanzo 1 inahesabu hivyo hivyo: ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja. Jambo hili limenisaidia kuliko mahubiri mengi. Ikiwa Jumapili yangu inaanza Jumamosi magharibi, basi kitu cha kwanza ninachokifanya katika siku ya Bwana ni kula na watoto, kuomba, na kulala. Mungu anafanya kazi yake nikiwa nimefumba macho, na ninapoamka naikuta siku imeshaanza bila msaada wangu. Kwa mtu kama mimi, niliyezoea kudhani nyumba itaanguka nisipokuwa na sindano mkononi, hiyo ni dawa.

Mama mkwe alipokuja kutoka Moshi na kuwekewa maharage ya jana Jumapili mchana, aliniangalia sana. “Mwanangu, mgeni anakula kiporo?” Nikamwambia, “Mama, nisamehe, lakini leo nataka nikae na wewe.” Hakufurahi siku hiyo. Alizoea, na mimi pia, kwamba heshima ya mgeni inapimwa kwa moshi wa jikoni. Lakini tulikaa barazani tangu mchana hadi jioni, akanisimulia jinsi alivyowazika watoto wake wawili kabla ya mume wangu kuzaliwa. Nimeolewa katika familia hiyo miaka kumi na minne na sikuwa nimewahi kulisikia. Kila alipokuja huko nyuma, mimi nilikuwa jikoni au kwenye cherehani, namheshimu kwa mbali.

Tunapenda kumnukuu Martha tukitaka kuwasema akina mama wenye pilikapilika, na mimi naona tunamwonea. Yesu hakumkataza kupika. Alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Anayenisaidia zaidi ni Abrahamu katika Mwanzo 18. Wale wageni watatu walimkuta ameketi mlangoni pa hema yake, mchana wakati wa hari. Ameketi! Mzee mwenye mifugo na watumishi wengi kiasi kile, saa ya jua kali amepumzika mlangoni, na ndiyo maana alipoinua macho aliwaona. Angekuwa nyuma ya hema akihesabu kondoo wangepita. Ni kweli baada ya hapo alipiga mbio, Sara akakanda unga, ndama akachinjwa, kijana akaandaa. Lakini mwenyewe ndiye aliyekimbia, na walipokuwa wakila alisimama karibu nao chini ya mti. Hakuwaachia watumishi wageni wake.

Naomba nieleweke, siandiki kubishana na ndugu zetu Wasabato kuhusu siku, kama ni Jumamosi au Jumapili. Wala simhukumu muuguzi aliye zamu, dereva wa daladala mwenye hesabu ya bosi, au mama anayeuza chakula stendi na Jumapili ndiyo inayomlipia kodi. Yesu aliponya siku ya sabato na akasema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi, na siku yake inahamahama kulingana na zamu. Ameandika kwenye karatasi jikoni siku ya wiki hiyo, na familia yote inaifuata, hata ikiwa Jumanne. Mwingine hapati siku nzima, anapata kuanzia saa tisa alasiri. Anza na hizo saa. Ila ziwe saa zinazojulikana, na kila aliye chini ya dari yako awe nazo, siyo wewe peke yako.

Na ukishapata hiyo nafasi, usiijaze mikutano. Hili ndilo kosa letu watu wa kanisa. Ibada, halafu mnada wa kuku na ndizi nje ya kanisa, halafu kikao cha kwaya, halafu kamati ya ujenzi, halafu send-off ya binti wa mzee wa kanisa, unarudi nyumbani saa mbili usiku umechoka kuliko Jumatano. Niliacha kamati mbili. Nilikaa siku kadhaa nikisikia hatia, na mwinjilisti wetu akaniita kuniuliza kama nina tatizo na mtu. Nikamsomea Marko 6:31, Yesu anavyowaambia wanafunzi waliokosa hata nafasi ya kula, waende mahali pasipo watu wakapumzike kidogo. Akacheka, akasema na yeye anahitaji mstari huo.

Mwezi uliopita mjomba wa mume wangu alifika bila taarifa, ametoka Singida na basi la usiku. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi tulipotoka ibada ya kwanza, na begi lake magotini. Binti alikuwa amebaki kanisani na wenzake wa kwaya. Mwanangu wa kwanza akampokea begi, wa pili akamletea maji ya kuoga, mume wangu akatandika mkeka barazani penye kivuli cha mwembe wa jirani. Chapati zilikuwepo, maharage yalikuwepo. Mjomba alikula, akatuuliza kwa nini nyumba imetulia hivi, kuna msiba? Nikamwambia hapana mjomba, ni Jumapili. Akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akajinyoosha.

Alilala pale hadi saa kumi jioni, na sisi tukakaa karibu naye tukiongea kwa sauti ya chini. Alipoamka aliomba chai, na kwenye chupa ilikuwa bado ya moto.