Mtoto ananyonya tu lakini choo kina damu: uzoefu wangu na mzio wa maziwa ya ng'ombe hapa Rungwe

Dada uliyeuliza kuhusu mtoto wa miezi miwili anayenyonya tu, choo kina kamasi na michirizi ya damu, na ndugu wanakushauri umwachishe ziwa uanze maziwa ya kopo: nakuomba usimwachishe. Maziwa mengi ya kopo yanatokana na maziwa ya ng'ombe. Kama tatizo ni mzio, utakuwa umeacha kile kidogo kinachopitia kwako na kumpa kile kile moja kwa moja, tena kwa wingi. Mwanangu wa pili alipitia hili hapa Tukuyu, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kabla hujabadilisha chakula chako, mpeleke akaonwe. Damu kwenye choo cha kichanga ina sababu nyingi: maambukizi, mpasuko mdogo njia ya haja kubwa, hata damu ya mama mwenye chuchu zilizochanika ambayo mtoto ameimeza. Na kuna hali ya kukimbia nayo usiku huo huo: analia kwa vipindi akikunja miguu, kisha analegea, anatapika kijani, tumbo linajaa, damu inazidi. Hapo utumbo unaweza kuwa umeingia ndani ya utumbo mwenzake, na hiyo haisubiri asubuhi. Homa na kugoma kunyonya navyo usivichukulie poa. Ukiwa Mbeya mjini, hospitali ya Meta wanahudumia wazazi na watoto.

Wa kwangu hakuwa na homa. Alikuwa anacheua sana, anajinyonga akimaliza kunyonya, mashavu yamekauka na kuwa mekundu, ile tunayoita pumu ya ngozi. Asubuhi moja nilifungua nepi karibu na dirisha nikaona ndani ya ute damu nyembamba kama uzi wa kushonea. Uzito kwenye kadi ya kliniki ulikuwa unapanda, ila kwa shida. Zahanati moja ilitupa dawa ya amiba bila kupima choo. Baadaye daktari wa watoto akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: wewe mama, unakula nini?

Mzazi wa Rungwe anakula maziwa! Chai ya maziwa asubuhi, uji wa maziwa saa nne, ndizi zilizopikwa kwa maziwa mchana, ugali na mtindi usiku, yote ili ziwa lijae. Daktari akanieleza kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe haisagiki yote tumboni mwa mama. Chembe kidogo huingia kwenye damu, kisha kwenye ziwa. Watoto wengi sana haiwadhuru. Kwa wanaonyonya tu, wenye mzio huu ni takriban 1 kati ya 200, kwa hiyo si kila mtoto anayelia usiku anao.

Wengi wanachanganya hili na tumbo kukataa sukari ya maziwa. Sukari iliyomo kwenye maziwa ya mama inatengenezwa na ziwa lenyewe, unywe maziwa ya ng'ombe usinywe, ipo pale pale. Shida hapa ni protini. Ndiyo maana kuhamia mtindi hakusaidii, kuyachemsha sana hakusaidii, na ya mbuzi protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Kwa mtoto wa aina hii, ambaye dalili zinakuja saa kadhaa au hata siku mbili tatu baada ya mama kula, hakuna kipimo cha damu cha kutoa jibu. Kipimo ni chakula chako. Unaacha maziwa yote wiki 2 hadi 4, kwa usimamizi wa daktari, huku unaandika kwenye daftari: nimekula nini, choo kikoje, ngozi ikoje. Na nikisema yote ni yote: siagi, samli, maziwa ya unga, skonzi, keki, biskuti, maandazi ya jirani aliyekandia maziwa. Kwenye paketi tafuta maneno "milk", "whey", "casein" na "butter".

Kazi kubwa kwangu ilikuwa nyumbani. Mama mkwe ana ng'ombe wake bandani, na kumletea mkamwana maziwa ndiyo heshima yake kwangu. Alipoona kikombe hakijaguswa akasema, "Mwanangu, mzazi anakataaje maziwa? Huyu mtoto atanyonya nini?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, sijayakataa, daktari anatupima mimi na mjukuu wako." Nikamwonyesha nepi. Tangu siku ile yeye ndiye aliyewazuia wengine. Mwonyeshe mtu kitu kwa macho, atakuwa upande wako.

Maana maneno hayakosekani. Wapo watakaosema mtoto kabemendwa, wakaanza kukuangalia wewe na mumeo vibaya. Wapo watakaotaja meno ya plastiki na kukuelekeza kwa mtu wa kuyang'oa. Hayo meno hayapo! Kinachokatwa ni ufizi na vijino halisi vinavyoota, na watoto wanapata maambukizi mabaya sana. Dawa za mitishamba za chango nazo usimpe.

Wewe mwenyewe usidhoofike. Mama anayenyonyesha anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa ingekupa kama 300. Mimi nilikula sana usipa wa Kyela, wale samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na chainizi, maharage na ufuta. Daktari akaniongezea vidonge. Parachichi, tunashukuru, huku halikosekani.

Damu ilikata mapema, ngozi ikachelewa. Hapo ndipo akina mama wengi wanaishia, na mimi nakuomba usiishie hapo. Yarudishe maziwa, unywe kila siku kwa muda kama wiki moja. Wapo watoto ambao damu kidogo huisha yenyewe, na bila kurudisha utajinyima miezi mingi bure. Kwangu dalili zilirudi, nikayaacha kwa moyo mmoja. Ila kama mtoto aliwahi kuvimba midomo, kutoka vipele ghafla au kupumua kwa shida, kurudisha maziwa kufanyike hospitalini tu.

Akifika miezi 6, uji wake uwe bila maziwa, na unga wa lishe wenye soya muulize daktari kwanza, kwa sababu baadhi ya watoto hawa soya nayo inawasumbua. Maziwa hujaribiwa tena kwa mpango wa daktari, mara nyingi kati ya miezi 9 na 12, na watoto walio wengi mzio unaisha kabla ya kuanza shule. Mpaka wakati huo, dada wa kazi, bibi na jirani anayependa kumbeba wote waambiwe waziwazi kwamba mtoto huyu haonjeshwi maziwa, hata kijiko kimoja, na nesi umwombe aandike hivyo kwenye kadi yake.