Maswali ya wasomaji: Amepooza mpaka lini?

SWALI: Wakubwa, tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu, kila Jumamosi hapa Kadutu, Bukavu. Juzi shujaa wa mwenzetu alinaswa na uchawi wa kupooza watu, wa "hadi dakika 1". Mwenzetu alikaa zaidi ya nusu saa bila kugusa dadu, mwishowe akatoka kwenda kununua mikate. Msimamizi wa mchezo anasema kanuni ndivyo zilivyo. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ila inaonekana nusu ya kanuni ilisahauliwa. Katika toleo la tano, raundi moja, yaani kila mmoja kupata zamu moja, ni sekunde 6 ndani ya mchezo, hivyo dakika 1 ni raundi 10. Mapigano mengi huisha kwa raundi 3 hadi 5, kwa hiyo "dakika 1" ni sawa na kusema pigano zima. Ndiyo maana uchawi huo umewekewa milango miwili ya kutokea.

Wa kwanza ni wa aliyenaswa mwenyewe: kila mwisho wa zamu yake anarusha dadu ya pande 20 kujinasua. Tuseme anatakiwa kufikisha 15 na Hekima yake inamwongezea 2. Atahitaji 13 au zaidi, yaani nafasi 8 kati ya 20. Kwa wastani atapoteza zamu 2 na nusu. Mlango wa pili ni wa wenzake: mchawi lazima ashikilie uchawi kwa makini, na kila akiumizwa anarusha dadu ya Ustahimilivu dhidi ya 10, au dhidi ya nusu ya madhara aliyopata ikiwa nusu hiyo inazidi 10. Akishindwa, rafiki yenu yuko huru palepale. Kwa hiyo msikimbilie kupiga jitu lililo mbele. Mpigeni mchawi, hata kwa mishale midogo, kwa sababu kila pigo linadai dadu yake.

Na nusu saa? Watu watano, kila mmoja dakika 2, ongeza za maadui: raundi inakula dakika 12 hivi. Zamu tatu zikipotea, mikate imekwisha kununuliwa.

SWALI: Sisi wa Ibanda tumetunga mchezo wetu wenyewe. Hofu, upofu na sumu tuviwekee raundi ngapi?

JIBU: Acheni kuhesabu raundi. Hesabuni zamu ambazo aliyepatwa anazipoteza, kwa sababu hapo ndipo maumivu yalipo. Mkiandika tu "raundi 1", mtagombana: inaisha zamu ya nani?

Angalieni wakati wa kurusha dadu unavyobadilisha kila kitu. Chukueni nafasi ya 55 kwa 100, yaani 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, kama ilivyokuwa katika toleo la nne la Dungeons & Dragons, la 2008. Akirusha mwisho wa zamu yake, atapoteza wastani wa zamu 1.8. Akirusha mwanzoni, 0.8 tu. Dadu ileile, nafasi ileile, tofauti ni zamu nzima. Kwa hali inayomzuia mtu kabisa tunapendelea mwanzoni. Kwa upofu, ambao bado unamwachia kitu cha kufanya, mwishoni panatosha.

Hofu iandikeni kwa namba inayopungua 1 kila mwisho wa zamu yake, kama ilivyo katika Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili. Hofu 2 inakufa yenyewe, hakuna dadu wala ubishi. Sumu au moto unaoendelea, Pathfinder inataka 15 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 ili kuzima: nafasi ni 30 kwa 100, wastani wa kuumia mara 3.3. Mwenzake akimsaidia ipasavyo, kama kummwagia maji, inashuka hadi 10. Kanuni hii ni tamu kwa sababu mtu wa pembeni anapata kazi.

Kinachoharibu michezo ya kutunga ni kushikwa mfululizo: leo amejinasua, adui anamnasa tena kabla hajapiga hata pigo moja. Wekeni kwamba aliyejinasua hanaswi na hali ileile mpaka zamu yake inayofuata iishe. Na hali mbili za aina moja zisijumlishwe. Kila moja ihesabu muda wake.

SWALI: Tunasahau nani ana nini.

JIBU: Maharagwe. Hofu 2, punje mbili juu ya karatasi ya shujaa, na mwenyewe aondoe moja akimaliza zamu. Kwa hali inayoondolewa kwa dadu, kifuniko cha chupa. Umeme ukikatika, vyote vinapapasika gizani. Maandishi ya penseli hayapapasiki.