Maswali Yenu: Chui wa Unguja, Kamera za Porini na Samaki wa Kina Kirefu

Jirani yangu alimwona mnyama mwenye madoa akivuka njia wakati wa magharibi. Mimi niliwahi kumpiga picha kwa simu, lakini anaonekana mdogo sana. Nasema ni chui, wenzangu wananicheka. Nifanyeje? – Msomaji, Makunduchi

Kwanza linda picha yenyewe. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na inapoteza taarifa za saa, mahali na kamera iliyotumika. Itume kama faili, na ile ya asili ibaki kwenye simu bila kukatwa wala kung'arishwa.

Kisha rudi pale pale uliposimama, ukiwa na simu ile ile. Mtu mmoja asimame mnyama alipokuwa, ashike fimbo ya mita moja iliyowekwa alama kila sentimita kumi. Piga picha kwa urefu ule ule wa mkono, na kama mwanzo hukuvuta karibu, sasa pia usivute. Ukizilinganisha picha hizo mbili utaupata ukubwa wa mnyama, na hapo ndipo "chui" wengi hugeuka kuwa kitu kingine. Bila kipimo, paka aliye karibu na chui aliye mbali ni doa lile lile.

Baada ya ukubwa, tazama mkia. Mkia wa chui ni mrefu, unakaribia urefu wa kiwiliwili. Kanu, mnyama mdogo mwembamba mwenye madoa, naye ana mkia mrefu, lakini una pete nyeusi na nyeupe tangu shinani, na mwenyewe hazidi kilo mbili au tatu. Ngawa, jamaa yake mkubwa, anafika kilo kumi na zaidi, na huyu ndiye anayewadanganya watu wazima. Anatembea kichwa kimeinama, ana barakoa nyeusi usoni na manyoya ya mgongo husimama akiogopa. Kanu wa Unguja alitambuliwa kisayansi mwaka 1998 tu, kwa hiyo mnyama mwenye madoa asiyejulikana vizuri kisiwani si lazima awe chui.

Wanaokucheka nao wasikimbilie kucheka. Chui wa Unguja alikuwepo kweli. Mtaalamu wa wanyama Pocock alimwandika mwaka 1932 kama aina ndogo ya pekee, *Panthera pardus adersi*, mwenye madoa madogo yaliyosongamana kuliko chui wa bara, na ngozi zake zimehifadhiwa katika makumbusho. Aliwindwa mno, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa sababu aliaminiwa kufugwa na wachawi. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni cha Marekani ilinasa mnyama anayefanana na chui usiku. Watu bado wanabishana juu yake, na sababu ni hii hii tunayokueleza: rekodi moja, ubora mdogo, hakuna nywele, hakuna kinyesi, hakuna picha ya pili.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kutega kamera pembezoni mwa msitu wa Jozani. Tuzifunge juu kiasi gani, na ngapi zinatosha? – Msomaji, Kitogani

Kabla ya kamera tafuteni kibali cha idara inayosimamia misitu, na sheha ajue. Kamera isiyojulikana na mtu hutoweka, na hapo atalaumiwa kila mkata kuni.

Fungeni kimo cha goti, sentimita 40 hadi 50 kutoka chini, mita mbili hadi tatu kutoka ukingo wa njia. Wengi hufunga kimo cha kifua kwa sababu ndiko mkono unakofika, na matokeo yake ni picha za mgongo wa mnyama au za hewa tupu. Lenzi isitazame mashariki wala magharibi, maana jua likichomoza au kuzama litaiwasha bure. Kateni majani yote yaliyo mbele kwa mita tatu. Kihisio cha kamera hakioni mnyama. Kinaona joto linalosogea, na jani lililochomwa na jua likipeperushwa na upepo linatosha kujaza kadi kwa siku mbili. Ndiyo maana pia mchana wa joto kali, hewa ikikaribia joto la mwili, kamera inaweza kumkosa mnyama aliyepita mbele yake.

Kila kituo kiwe na kamera mbili, moja kila upande wa njia. Madoa ya ubavu wa kulia wa chui hayafanani na ya kushoto, hivyo kwa kamera moja hamtajua kama picha mbili ni za mnyama mmoja au wawili. Zisitazamane moja kwa moja, la sivyo mwanga wa hii utaipofusha ile. Mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, hautishi sana, ila picha inakuwa ya kijivu na mnyama anayekimbia anafifia. Mwanga mweupe unaonyesha madoa vizuri, lakini unamwonyesha mwizi kamera ilipo. Kwa swali la madoa, tungechagua mweupe pale penye ulinzi.

Wekeni picha tatu mfululizo kwa kila tukio, bila muda wa kusubiri. Hakikisheni tarehe na saa ni sahihi, kisha mmoja apite mbele ya kamera kwa magoti kuijaribu. Betri za kuchaji za volti 1.2 huzifanya baadhi ya kamera zidhani umeme umekwisha. Tumieni alkalini nzuri, au lithiamu mkiweza kumudu. Tieni pakiti ya silika ndani kwa ajili ya unyevu. Sisimizi watajaribu kuhamia humo. Kima nao watazipindua, kwa hiyo kazeni mkanda sawasawa.

Kuhusu idadi, hesabuni usiku-kamera: vituo 20 vikikaa usiku 50 ni usiku 1,000. Mkimaliza hapo bila chui hata mmoja, kitakwimu mnaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba nafasi ya kumnasa katika kituo kwa usiku mmoja haizidi takribani 3 kwa 1,000. Hiyo haina maana kwamba hayupo. Kwa mnyama wa nadra sana usiku 200 ni kama hamjaanza, na ripoti nyingi za "tumetega, hatukuona" zinaishia hapo.

Nimekuta kinyesi chenye manyoya na nyayo kwenye mchanga. Nichukue nini? – Msomaji, Charawe

Anza na nyayo kabla hujazikanyaga. Weka rula kando ya alama, piga picha ukiwa juu yake moja kwa moja, na mwanga utoke ubavuni. Unyayo wa chui una vidole vinne bila alama za kucha, na kisigino kina matuta matatu nyuma. Mbwa huacha kucha, na ngawa vivyo hivyo. Unyayo wa paka wa nyumbani una upana wa sentimita tatu na kidogo. Wa chui ni kama mara mbili yake.

Kufinyanga alama, tumia plasta ya Paris: vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji, unga ukinyunyizwa ndani ya maji. Zungushia alama ukanda wa boksi, mimina pembeni mchanganyiko utiririke wenyewe, unene sentimita mbili, usubiri nusu saa. Mchanga mweupe wa pwani ukiwa mkavu unabomoka. Upulizie maji kwa ukungu mwembamba kwanza.

Kinyesi usikishike kwa mkono, kina minyoo. Kwa kijiti, kwangua ngozi ya nje, kwa sababu seli za utumbo wa mnyama mwenyewe ziko nje. Ndani ni mabaki ya alichokula. Tia kwenye chupa yenye ethanoli ya asilimia 95, mara tatu ya ujazo wa sampuli. Spiriti ya vidonda ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Formalini kamwe, inaharibu DNA. Mfuko wa plastiki nao unaleta ukungu. Andika lebo kwa penseli, maana ethanoli huyeyusha wino. Sampuli isitoke nje ya nchi bila vibali. Chui yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Mtu anasema ana chui wa kufugwa na atatuonyesha tukimlipa. – Msomaji, Chwaka

Usilipe. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameandika kwa kirefu jinsi madai ya chui wa kufugwa yalivyofuatiliwa, hata na watu wa serikali, bila chui kuonekana. Mwombe nywele zenye mizizi. Ataahirisha.

Mnyama huhesabiwa ametoweka baada ya miaka mingapi? – Msomaji, Morogoro

Hakuna idadi ya miaka. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hutaka msako wa kutosha, katika makazi na misimu inayofaa, usioacha shaka kwamba wa mwisho amekufa. Na kuna daraja jingine: chura wa Kihansi, wa huko kwenu, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini tu, wakati wenzake walikuwa hai kwenye matangi Marekani. Tangu 2012 wamerudishwa korongoni.

Tunatega jarife la papa nje ya Kigombe. Akiingia silikanti, tufanye nini? – Mvuvi, Tanga

Silikanti ni samaki wa kale wa kina kirefu. Mtamjua kwa mapezi yaliyokaa juu ya vikonyo vya nyama, magamba magumu, madoa meupe kwenye mwili wa buluu, na kipande kidogo cha mkia kinachochomoza katikati ya mkia mkubwa. Akifa rangi hugeuka kahawia.

Akiwa hai msimpandishe chomboni kwa ajili ya picha. Tofauti na samaki wengine wa kina, hapasuki kibofu, kwa kuwa chake kimejaa mafuta. Kinachomuua ni maji ya juu yenye joto na uhaba wa oksijeni, baada ya mapambano ya muda mrefu wavuni. Kateni wavu, pigeni picha moja ya ubavu akiwa majini, mwachieni mara moja. Nyavu zikitegwa mbali na maji ya kina kirefu na mapango ya miamba, hamtamkuta kwa urahisi.

Akiwa amekufa, barafu kwanza, na msimpasue tumbo. Yule wa kwanza kujulikana na wanasayansi, aliyevuliwa Afrika Kusini Desemba 1938 na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya huko, alikaushwa kwa sababu ya joto na viungo vya ndani vikatupwa; ilibidi kungoja hadi 1952, Komoro, kupata mwingine. Pigeni picha pande zote mbili pamoja na rula, kwani madoa hutofautisha samaki mmoja na mwingine. Andikeni kina, mahali, saa na ukubwa wa jicho la wavu, kisha pigieni simu afisa uvuvi au hifadhi ya bahari ya silikanti iliyopo hapo Tanga tangu 2009. Kuuza ni kosa, na nyama yenyewe ina mafuta yanayoharisha.