Fikasi imetolewa nje, sasa inapukutisha majani

SWALI: Nina fikasi ya majani madogo, Ficus benjamina, iliyokaa sebuleni kwa miaka bila shida. Mwezi uliopita niliihamishia nje ipate jua. Majani yakaanza kutoka mabaka meupe yaliyokauka, mengine yakawa manjano na kudondoka. Namwagilia asubuhi na jioni lakini hali inazidi kuwa mbaya. Je, nikiipanda ardhini itapona? Nafasi niliyonayo iko mita mbili kutoka ukuta wa nyumba.

JIBU: Kabla ya yote, acha kumwagilia mara mbili kwa siku. Mti uliopoteza nusu ya majani yake hunywa maji kidogo sana, na udongo usiokauka huozesha mizizi. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Ukikuta bado unyevu, usimwage kitu. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha subiri tena.

Hayo mabaka meupe ni kuungua na jua. Jani lililokulia kivulini ni jembamba, halikujengwa kuhimili jua la mchana, na likishaungua haliponi. Majani mapya yatakayochipukia nje ndiyo yatakayolistahimili. Kwa hiyo rudisha chungu kivulini, mahali penye mwanga mwingi lakini bila jua la moja kwa moja, kisha kiache kipate jua la asubuhi kwa saa moja hivi, ukiongeza taratibu kwa wiki tatu au nne. Majani ya manjano yasikutie hofu sana: fikasi hii husononeka kila inapohamishwa, hata kutoka dirisha moja hadi jingine. Ukitaka kujua kama tawi lingali hai, kwangua gome kidogo kwa ukucha. Likiwa kijani chini yake na utomvu mweupe ukatoka, lipo hai. (Nawa mikono baadaye, utomvu huo unaweza kuwasha ngozi.) Mbolea isubiri mpaka uone machipukizi.

Kuhusu kuipanda mita mbili kutoka ukutani, hapana. Huu ni ndugu wa mkuyu, si ua la bustani. Ukiwa ardhini katika hali ya joto unaweza kupita urefu wa mita 15, na mizizi yake hutambaa juujuu, ikainua sakafu na kupenya kwenye mabomba yenye nyufa. Mimi sipandi fikasi chini ya mita 8 kutoka kwenye nyumba, shimo la maji taka au bomba, na hata hapo nataka nafasi zaidi ikipatikana. Kupogoa matawi kunadhibiti kimo, lakini hakuizuii mizizi kutafuta maji.

Kama huna nafasi hiyo, ibaki kwenye chungu kikubwa chenye matundu. Kila baada ya miaka miwili au mitatu itoe, punguza mizizi inayozunguka pembeni, weka udongo mpya. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, iingize ndani, tena taratibu.

Itakapochipua, kagua majani machanga. Ukiona yamejikunja kwa urefu kama ganda la kunde, fungua moja: vijidudu vyeusi vyembamba utakavyokuta ndani ni thripi. Dawa ya kupuliza haivifikii vizuri humo, hivyo kata ncha zote zilizojikunja, zifunge kwenye mfuko na uzitupe mbali na mimea.